Kiingereza cha Daktari, na Muda Utaupata Wapi?

Leo hatuzungumzii presha wala sukari. Tunazungumzia kitu kinachofanya presha na sukari zikushinde hata kama umezungukwa na madaktari wote wa Texas Medical Center, nacho ni Kiingereza. Na najua utakachosema kabla hujamaliza kusoma mstari huu: "Muda nitautoa wapi?" Unatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanakwenda shule, mchana unalala kidogo, jioni unarudi kubeba boksi. Nakuelewa, maana nami nimepita huko. Vumilia, kwenye muda tutafika. Kwanza nikuonyeshe kwa nini jambo hili liko kwenye safu ya afya na si safu ya elimu.

SAA NANE SI "EIGHT"

Mwaka wangu wa kwanza Houston nilipigiwa simu na kliniki moja. Dada wa mapokezi akaniambia nije Alhamisi, "eight o'clock". Namba za Kiingereza nilikuwa nazijua tangu shule ya msingi, kwa hiyo sikuuliza mara mbili. "Eight" ni nane. Alhamisi nikaoga, nikavaa vizuri, nikafika saa nane mchana na dakika kumi za ziada mkononi. Nikaambiwa apointimenti yako ilikuwa asubuhi, umepitwa. Nikapewa tarehe nyingine, wiki sita mbele. Wiki sita na tumbo linasokota!

Kosa langu halikuwa kutolijua neno. Neno nililijua, ila kichwa kililibadilisha kuwa Kiswahili kabla sijafikiri. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wao wanaanza katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita, na saa sita kwenye dawa si mchezo. Chupa ikiandikwa "8 AM" maana yake ni saa mbili asubuhi. Mtu akiipeleka insulini yake saa nane mchana, wakati ilipangwa iende pamoja na chai ya asubuhi, inaingia mwilini bila chakula cha kuisubiri, na sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Basi somo la kwanza halihitaji hata kitabu. Kila unapotazama saa, itamke kwa Kiingereza kwa sauti. "It's eight in the morning." Usitafsiri, sema tu. Fanya hivyo mwezi mzima, mara kumi kwa siku, na hutaniambia ulikosa muda.

Mwili nao una mitego yake. Mkono wa Kiswahili unaanzia begani unaishia kwenye kucha. Wao wameugawa: juu ni "arm", chini ni "hand". Mguu hali kadhalika, "leg" na "foot". Ukisema "my leg" na kinachouma ni unyayo, utapoteza muda wako na wa daktari. Weka kidole panapouma, useme "here". Si aibu hata kidogo.

Kiungulia wanakiita "heartburn", na moyo haumo humo hata kidogo, ni asidi ya tumbo inayopanda kuelekea kooni. Sasa fikiria baba wa miaka 55 anabanwa kifua, maumivu yanapanda begani, jasho jembamba linamtoka, na neno pekee analolikumbuka lenye "heart" ndani yake ni hilo. Akilisema, ameanza safari kwa mlango usio wake. Maneno anayoyahitaji ni mawili tu: "chest pain". Yashike hayo leo kabla hujafunga ukurasa huu.

Kizunguzungu kwetu ni kimoja, lakini daktari wa hapa atakuuliza: chumba kinazunguka, au unahisi kama unataka kuzimia? Kwake hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza mara nyingi linampeleka kwenye sikio la ndani, la pili linampeleka kwenye presha au moyo. Kwa hiyo jifunze yote mawili, "the room is spinning" na "I feel like I will faint". Na homa, ambayo kwetu inaweza kuwa joto la mwili, mafua, au hata malaria, hapa ni "fever", nayo ina namba. Thamomita yao inasoma Fahrenheit. Ikifika 100.4 ndiyo zile nyuzi 38 unazozijua.

Ndugu zetu Wakongo waliopitia Kifaransa wana mtego wao wa ziada. "Médecin" wa Kifaransa ni daktari, lakini "medicine" ya Kiingereza ni dawa. Nimemsikia mzee akilalamika kwa nesi kwamba "medicine" yake hamsikilizi. Tulicheka wote, na yeye mwenyewe alicheka, lakini nesi alikwisha kuandika kitu kingine kwenye kompyuta.

HESABU YA KWELI

Sasa tuje kwenye muda. Matangazo ya Kiingereza kwa siku thelathini yasikudanganye. Foreign Service Institute, chuo cha serikali ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia lugha, kinakadiria kwamba Mmarekani anahitaji wiki kama 36, yaani saa zaidi ya 800 za darasani, ili aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Na huyo ni mtu anayelipwa mshahara ili ajifunze! Njia ya kutoka kwetu kwenda kwao sidhani kama ni fupi kuliko hiyo. Ukitoa dakika 20 kila siku bila kukosa, kwa mwaka unapata saa 120 hivi. Gawanya mwenyewe: miaka kama saba.

Usikate tamaa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, huanzi na sifuri. Ukiwa umeishi hapa hata mwaka mmoja, masikio yako yamekwisha kuokota mengi. Ya pili, huhitaji Kiingereza chote kwa mpigo. Kiingereza cha daktari, cha duka la dawa na cha simu ya dharura ni maneno na sentensi chache, labda mia mbili tatu, na zinajirudia. Hizo hazihitaji miaka saba. Anza na hizo.

Na kabla hatujatafuta muda, niseme pale ambapo HUTAUTAFUTA, yaani kwenye usingizi. CDC wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi. Wengi wetu wa zamu za usiku hatufiki hapo. Ukipunguza saa moja ya usingizi ili usome, unapoteza mara mbili, kwa sababu ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyojifunza wakati umelala. Nilifanya kosa hilo miezi mitatu. Maneno yaliingia jioni yakatoka asubuhi, na presha ikapanda.

GARINI

Muda wetu mkubwa uko barabarani. Huku Texas bila gari huendi popote. Arlington ni mji mkubwa kabisa na hauna mabasi ya kawaida ya ratiba. Unayetoka Euless kwenda ghala la Grand Prairie, au Alief kwenda Galleria, au unayekwama kwenye 635 au Beltway 8 kila siku ya Mungu, hesabu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Siku tano kwa wiki, hizo ni saa zinazokaribia 250 kwa mwaka, maradufu ya zile dakika 20 za mezani. Na tayari unazitumia, ila unazitumia kusikiliza bongo fleva au kugombana na ndugu wa nyumbani kwa simu kuhusu kiwanja.

Sisemi uache muziki. Toa safari ya kwenda tu, ya kurudi baki nayo. Dallas na Fort Worth kuna KERA, 90.1 FM. Houston kuna 88.7. Watangazaji wake wanatamka vizuri na hawapigi kelele. Kama ni wa haraka mno kwako, BBC Learning English wana kipindi cha dakika sita, "6 Minute English", unakipata bure kwenye intaneti. Kipakue nyumbani. Kisikilize mara moja kimya, mara ya pili rudia kwa sauti nyuma ya mtangazaji, neno kwa neno, kama kasuku. Kioo kimefungwa, nani atakusikia? Kurudia kwa sauti ndiyo kazi yenyewe. Kusikiliza peke yake kunafundisha sikio, na ulimi unabaki palepale.

Onyo: washa kabla hujang'oa gari. Tangu tarehe 1 Septemba 2017 ni kosa katika jimbo zima la Texas kusoma au kuandika ujumbe kwenye simu ukiwa unaendesha, na hata bila sheria, hakuna neno la Kiingereza linalostahili ajali. Unayepanda DART una bahati, wewe unaweza hata kusoma.

Kwa ndugu zetu wa malori jambo hili ni la riziki kabisa. Kanuni ya shirikisho inayomtaka dereva wa lori aongee na kusoma Kiingereza cha kutosha ilikuwepo miaka mingi, ila kwa muda ilikuwa imelegezwa. Tangu tarehe 25 Juni 2025 mkaguzi anaweza kukusimamisha kazi papo hapo barabarani. Anaanza kwa kukuhoji kwa Kiingereza, bila mkalimani na bila programu ya simu, kisha anakuuliza alama za barabarani. Kwa hiyo kila kibao unachopita kwenye I-45 kati ya Dallas na Houston kisome kwa sauti, kisha jieleze: kinasema nini, nawe utafanya nini. Una saa nne za darasa hapo! Na kumbuka ile kadi ya afya ya udereva, ambayo haizidi miezi 24 kabla ya kupimwa tena. Fomu yake inauliza kwa Kiingereza kuhusu usingizi, kifafa, moyo na dawa unazotumia. Kuweka tiki kwenye swali ambalo hukulielewa ni hatari pande zote mbili, kwako na kwa laiseni.

MFUKONI NA JIKONI

Kwa mama na dada wa nyumba za wazee na hoteli, ambao hawana ruhusa ya kuweka kitu sikioni kazini, dawa ni kadi. Nunua pakiti ya kadi ndogo za karatasi. Upande mmoja andika Kiswahili, "ganzi", upande wa pili "numb". Tano kwa wiki, siyo hamsini. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo kadi ya leo irudie kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu wiki mbili. Kila inapotaka kuchomoka kichwani unaikamata mkia. Kuna programu za simu zinazofanya hesabu hiyo zenyewe, Anki ni mojawapo, lakini kadi ya karatasi haiishiwi chaji wala haikupelekei video za watu wanaocheza.

Wakati wa kuzitazama? Maji yakichemka. Ukisubiri lifti. Ukisubiri mashine ya kufua kule chini ya jengo. Ukiwa umefika kazini dakika tano kabla. Usitenge "saa ya Kiingereza", kwa maisha yetu haitakaa. Ifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. Mimi niliifunga kwenye mswaki: kadi tatu zimebandikwa pembeni ya kioo cha bafuni. Mke wangu alilalamika wiki mbili, sasa za kwake ndizo nyingi.

Kazini kwenyewe Kiingereza wakati mwingine hakipo. Ghala zima ni Kihispania, na jikoni za Houston vilevile. Kuna dada wa Goma ninayemfahamu, miaka mitatu hapa, anaongea Kihispania kizuri kuliko Kiingereza. Simlaumu, namwonea wivu. Lakini zamu ikibadilishwa, jitahidi uwekwe na mtu mmoja ambaye hamna lugha nyingine ya pamoja isipokuwa Kiingereza. Pia tuache kuchekana. Mtanzania akikosea, Mkenya anamcheka. Mkenya akikosea, Mganda anamrekebisha mbele za watu. Wengi wamenyamaza miaka kumi kwa sababu ya kicheko cha siku moja kanisani au kwenye sherehe.

Watu wengine watakuambia lugha mbili zinachelewesha maradhi ya kusahau uzeeni. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto waliandika kwamba wagonjwa wao wenye lugha mbili walianza kuonyesha dalili kama miaka minne baadaye kuliko wengine. Watafiti wengine wamebishia hilo tangu wakati huo, kwa hiyo usijifunze kwa ajili hiyo. Na sisi tuliolelewa na Kisukuma, Kikamba au Kibembe nyumbani na Kiswahili shuleni, kama faida ipo basi tulikwisha kuipata bure.

MTOTO SI MKALIMANI

Hapa naomba unisikilize vizuri. Watoto wetu wanakijua Kiingereza upesi, na tunawageuza wakalimani. Mtoto wa miaka kumi na moja anaambiwa amweleze mama yake kwamba kuna uvimbe kwenye titi. Jamani! Ama hatasema, ama atasema nusu, na usiku hatalala.

Huna haja ya kufanya hivyo. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, na karibu zote zinapokea, zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Title VI ya sheria ya haki za raia ya 1964, na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Kanuni za kifungu hicho haziruhusu hospitali kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa dharura wakati mkalimani anatafutwa. Mwezi Machi 2025 rais alitia sahihi amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na wengi wakadhani wakalimani wameondolewa. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Omba. Sentensi ni hii: "I speak Swahili. I need an interpreter, please." Isemee kwenye simu ya apointimenti, usisubiri siku ya kufika.

Wengine wanakataa mkalimani kwa hofu ya umbeya. "Atakuwa ni mtu wa kwetu, kesho Vickery Meadow nzima inajua." Hofu hiyo naielewa. Lakini mara nyingi mkalimani ni wa simu au video, yuko jimbo jingine, hakujui, na anafungwa na kanuni ya kutunza siri. Ukisikia ni sauti unayoifahamu, mwambie nesi unataka mwingine. Na kama wewe ni wa Bukavu na mkalimani ni wa Dar, mkatize pale usipomwelewa. Kiswahili chenu hakifanani kila neno, na kuitikia "ndiyo, ndiyo" ndiko kunakoua.

Mkalimani hakuondolei kujifunza. Anakuja kwa dakika kumi na tano za daktari, hayupo mfamasia anapokuuliza kama una mzio, wala shule inapopiga kwamba mtoto ameanguka. Mtoto mpe kazi nyingine: baada ya chakula, dakika kumi, yeye anakusomea kitabu chake cha Kiingereza na wewe unamweleza kwa Kiswahili ulichoelewa. Hapo nyote wawili mmefanya kazi, na Kiswahili chake hakitapotea.

Ukipata nafasi ya darasa, nenda. Dallas College, Tarrant County College na Houston Community College wana madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, na mengine ni ya jioni. Vickery Meadow wapo Literacy Achieves. Maktaba za mji uliza dirishani. Ukipiga 211 popote Texas watakutafutia lililo karibu na kwako. Uliza mambo mawili: ni bure? Mtoto mdogo anaruhusiwa? Usipouliza la pili utajiandikisha na kuacha wiki ya pili, kama nilivyowaona akina mama wengi.

Kadi ya kwanza kabisa uiandike leo, na hii usiibandike bafuni, ibandike mlangoni mtoto na mgeni waione. Ni ya 911. Huanzi na ugonjwa, unaanza na mahali, kwa sababu simu ikikatika watajua pa kuja: namba ya nyumba, jina la mtaa, namba ya apatimenti, mji. Kisha "Swahili", wakuunganishe na mkalimani. Kisha neno moja la tatizo: "chest pain", "not breathing", "bleeding", au "stroke" kama mdomo umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki au maneno hayatoki sawasawa. Kisha usikate simu. Namba za nyumba wanazisoma mbilimbili, 4512 ni "forty-five twelve". Jaribu ya kwako sasa hivi, kwa sauti, mara tano.